Mpaka Uliotoa Povu

1

Profesa Kweka aliliweka jani mezani, akalisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

"Utalibeba wewe, Dokta Nasia," alisema. "Wewe ni wa kule. Wakikuona wewe na isale mkononi, hakuna atakayefungua mdomo."

Nililitazama. Lilikuwa refu na bichi, limefungwa fundo katikati kama inavyotakiwa. Aliyelifunga alilelewa na bibi anayejua mambo. Kwenye urefu wake wote ulipita mshipa mwekundu. Mshipa ule tuliutia sisi wenyewe, hapa hapa maabara, ili mkulima aone kwa macho yake kwamba mmea wake unasafisha maji. Yaani jani la kuombea msamaha lilikuwa limechumwa kwenye mmea uleule tuliowakosea nao watu. Nilisikia damu ikinipanda hadi masikioni.

Kwetu mlimani mtu akikukosea, hata awe amekuchomea nyumba, akija na isale mkononi humfukuzi. Unalipokea, unamsikiliza, unasamehe. Ukilikataa, balaa lote linahamia kwako na kwa watoto wako. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na lingebaki jambo la mtu na mtu kama serikali isingepitisha ile Sheria ya Upatanisho wa Kimila. Siku hizi isale likipokelewa mbele ya kamera, kesi imekwisha. Hakuna rufaa, hakuna uchunguzi, faili linafungwa. Kweka alizaliwa Machame, mwendo mfupi tu kutoka kwa shangazi yangu. Alijua vizuri sana alichokuwa anakisogeza kwa kidole.

"Mtoto amekufa, Profesa."

"Najua. Ndiyo maana tunapeleka isale."

"Na nikishafika, niseme tumekosa nini?"

Akanipa karatasi yenye mistari minne. Taasisi inasikitishwa na usumbufu uliojitokeza katika baadhi ya mifongo ya maji wakati wa kiangazi. Usumbufu. Mtoto wa miezi saba alikuwa ametapika na kuharisha siku tatu hadi akakauka, na kwenye karatasi hiyo alikuwa usumbufu.

"Mkia haumo humu," nilisema.

"Mkia gani?"

"Usinifanyie hivyo, Profesa. Barua yangu unayo kwenye hilo kabati nyuma yako."

Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai. "Nasia, mvua zinaanza baada ya wiki tano. Ikinyesha, povu litaisha lenyewe. Mwakani tunatoa toleo jipya lenye mkia wake, na hakuna atakayekumbuka. Unataka nini? Vijiji thelathini virudi kunywa floridi kwa sababu ya dhamiri yako?"

"Nataka mtu mmoja aseme kilichotokea."

"Na atamfufua nani akisema?"

Nililichukua jani kwa sababu nilitaka kutoka mle ofisini kabla sijamrushia kikombe cha chai. Mpaka leo sijui kama kulichukua kulikuwa woga au hasira. Siku ile vilinikaa sehemu moja.

2

Juu ya mlima wetu barafu ilikwisha nikiwa darasa la tano. Baada ya hapo mito ilifupika mwaka hadi mwaka, mpaka serikali ikachimba visima virefu na kuyamwaga maji yake kwenye mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na babu zetu kupita katika kila kihamba, yaani kila shamba la nyumbani. Maji ya chini kiasi kile yana floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa. Zamani tuliwatania watu wa tambarare kwa meno yao ya kahawia. Ndani ya miaka kumi na mitano tukawa kama wao, na wenye umri wa miaka arobaini wakaanza kutembea magoti yamepinda. Hapo ndipo taasisi ilipoanzishwa, na hapo ndipo nilipoingia mimi na akili zangu.

Masale, yaani mimea yenyewe ya isale, niliyachagua mimi. Hilo lieleweke kabla sijamlaumu mtu mwingine. Miradi iliyotangulia ilipanda nyasi za kigeni kando ya mifongo, na msimu wa pili wakulima wakaziondoa wapande maharage. Isale hakuna anayeling'oa. Ndilo mpaka wa kihamba, ndilo linalosimama juu ya kaburi la babu, na anayeling'oa mpakani ni mwizi, akionekana asionekane. Nilisimama mbele ya wafadhili nikasema kwa majivuno kwamba nitatumia mmea ambao watu wangu wanaogopa kuugusa. Walipiga makofi. Mgeni asingefikiria jambo kama lile. Lilihitaji mtoto wa nyumbani. Tuliyamwagilia dawa yetu shinani, yale yale yaliyopandwa na marehemu, na baada ya mwaka yakatoa mshipa mwekundu, na maji yakawa safi kweli.

Sasa nieleze mkia.

Seli ya mzizi haimwagi kitu ovyo. Kila inachotengeneza ili kitoke nje hukifunga kwenye kijifuko cha utando, kidogo kiasi kwamba ukivipanga elfu moja vinaenea upana wa unywele mmoja. Kijifuko husafirishwa hadi ukingoni mwa seli, na kikifika hapo hakipiti tu. Kuna protini zinazokipokea, zinakikagua, kisha zinakivuta hadi utando wake na utando wa seli vinashikana kuwa kimoja, na mzigo unatoka. Protini nyingine zinaurudisha ndani utando uliozidi, maana seli ikitoa bila kurudisha inavimba na kuharibika. Wanafunzi wangu hudhani mmea umetulia. Mmea hautulii hata dakika moja; ndani ya mzizi kuna shughuli kuliko soko la ndizi siku ya Jumamosi.

Katika mzizi wa isale kuna mizigo miwili inayotuhusu. Mmoja ni wetu: protini tuliyoiita sifongo, inayodaka floridi kwenye maji na kuzama nayo matopeni. Wa pili ni wa isale lenyewe, nao ni sabuni. Isale lina sabuni yake chungu ya kuulia wadudu wanaolitafuna, na mmea huihifadhi ghalani katikati ya seli isitoke. Kazi yangu kwa miaka sita ilikuwa kumtengeneza bawabu. Huyu ni protini moja anayesimama ukingoni na kujua kijifuko kipi kipite, kipi kirudishwe ghalani, na lini mlango ufungwe kabisa. Kwenye makaratasi aliitwa NDS-1. Nilimpa jina la shangazi yangu Ndeshi, ambaye hajawahi kumwacha mtu akatize uani kwake bila kumuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi na amekula nini.

Bawabu alikuwa na mkia. Ni kipande kidogo cha mwisho cha protini, na seli hukishika inapotaka kumtuliza. Kiangazi kikibana, mmea ukawa na kiu, seli inamvuta bawabu kwa mkia na mlango unafungwa. Alifanya kazi vizuri mno, ndiyo ikawa taabu. Alikuwa mwepesi wa kufunga, sifongo ikatoka kidogo, na Profesa alikuwa ameiahidi wizara maji safi ndani ya miezi kumi na minane.

"Kata mkia," aliniambia.

Niliandika barua ya kurasa mbili. Nilisema bawabu asiye na mkia hatajua kufunga, na asipofunga wakati wa kiu, kazi itamzidi, ataacha kukagua, na sabuni itapita mlango uleule na sifongo. Kisha nikaukata. Tulimjaribu wiki sita kwenye nyumba ya vioo, ambako bomba lilimwagilia kila asubuhi saa kumi na mbili. Mmea haukuonja kiu hata siku moja. Nililijua hilo, nikatia sahihi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka jina langu litoke, na nilijiambia kwamba mkubwa ni yeye.

3

Nilifika Kimasaro, kijijini kwa shangazi, Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya Profesa. Shangazi Ndeshi alikuwa amesimama kando ya mfongo unaopita uani kwake, amejifunga kanga juu ya sweta, anachota maji kwa kata na kuyarudisha. Yalikuwa na povu jeupe, zito, limejikusanya kwenye mashina ya masale kama maziwa yaliyofurika jikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Umetoka mjini alfajiri, umekula wapi?" Hakugeuka. "Tangu mwezi wa nane maji yako hivi. Ng'ombe wa Barnaba akanywa, akavimba tumbo. Barnaba akasema ni mimi ninayefua nguo kwenye mfongo. Mimi, kwa umri huu. Tukanuniana. Halafu mjukuu wake akaugua."

Barnaba ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Kihamba cha shangazi na kihamba cha Barnaba vinatenganishwa na mfongo ule na mstari wa masale arobaini na moja, ambayo ndugu hao wawili waliyapanda kwa mikono yao siku baba yao alipowagawia. Hati hakuna, ni ardhi ya ukoo. Tangu mume wa shangazi afariki, Barnaba amesema mara mbili mbele ya ukoo kwamba mstari umesogezwa, na mara mbili watu wamekwenda, wamehesabu arobaini na moja, wakamwambia anyamaze. Masale yale ndiyo hati ya shangazi. Nyingine hana, maana mfongo wenyewe huhama kila mvua kubwa ikija, na ukoo hauuhesabu kuwa mpaka.

Nilichomeka kisomaji ardhini, kati ya mizizi. Ni kijiti chembamba chenye kioo kidogo juu. Kinasoma kinachotoka kwenye mzizi na kuchora mistari miwili, wa bluu kwa sifongo, wa njano kwa sabuni. Wa njano unatakiwa ulale chini kabisa. Ulipanda hadi ukatoka nje ya kioo. Nilichomeka kwenye shina la pili, la tatu, la tisa, na kote nikakuta yale yale.

"Sema," shangazi alisema. "Usinitafutie maneno."

Nikamwambia yote: bawabu, mkia, nyumba ya vioo, sahihi yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kata mkononi.

"Ulimpa jina langu."

"Ndiyo, shangazi."

"Halafu ukamkata mkia."

"Ndiyo."

"Mimi ningekung'ata." Hakuwa anatania. "Na ulijua."

"Nilijua kwamba inaweza kutokea."

"Hivi, Nasia, mama aliyemkorogea mwanawe uji kwa maji haya, ukimwambia hivyo, ataona tofauti?"

Alimwaga maji yaliyokuwa kwenye kata, akaipangusa kwa kanga.

"Dawa yake nini?"

"Kuyang'oa, na mizizi yake. Yote yanayogusa mfongo."

Aliutazama mstari, kuanzia shina lililo karibu na banda la ng'ombe hadi lile la mwisho penye kona. Nilijua anayahesabu. Amekuwa akiyahesabu kila asubuhi kwa miaka kumi na moja.

"Sasa nisikilize, nione kama nimekuelewa," alisema. "Ukinyamaza kesho, Barnaba anapokea isale, mvua zinakuja, povu linaisha, na mimi mpaka wangu unabaki."

"Hadi kiangazi kijacho."

"Hadi kiangazi kijacho. Na ukisema, masale yanang'olewa, na mimi nabaki na maneno ya mdomoni mbele ya Barnaba."

"Ndiyo."

"Na floridi inarudi."

"Inarudi, shangazi. Meno, magoti, yote. Mpaka tutakapopata njia nyingine."

Nilitaka aniambie nifanye nini. Nina digrii tatu, na nilikuwa nimesimama pale nikimsubiri mwanamke aliyeishia darasa la saba anitwishe au anitue. Aliliona hilo, na likamkasirisha kuliko yote niliyomwambia.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Mimi sikukata mkia wa mtu. Kesho utasimama na mdomo wako mwenyewe. Na hilo jani ulilonalo kwenye mkoba liache nje. Usiniingizie ndani ya nyumba."

4

Jumamosi saa nne asubuhi ua wa Barnaba ulijaa. Watu walikaa kwenye mabenchi ya kanisani, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na mama wa marehemu mtoto aliketi chini kwenye mkeka, nyuma ya wenzake. Profesa Kweka alifika na gari mbili. Alivaa suti ya kijivu na alisalimia kwa Kichagga safi, akiwapa mkono hata vikongwe walioshindwa kuinuka. Juu ya paa la zizi ilielea droni yenye kamera, inanguruma polepole, taa yake nyekundu imewaka. Kila mtu pale alijua taa ile maana yake nini.

Alihutubia dakika ishirini. Alizungumzia maji, meno ya watoto, kina mama waliokuwa wamepinda magoti na sasa wanakwenda sokoni. Yote yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyonichoma zaidi, kwamba hakuhitaji kusema uongo hata mmoja. Kisha akasema taasisi imesikitishwa na usumbufu, na kwamba sisi ni watu wa mila, na mila zetu zinajua kumaliza mambo. Akaniashiria kwa kichwa.

Nilisimama. Isale nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Pale lilipokatwa kwenye kikonyo lilikuwa limeanza kutoa povu, na povu lile lilikuwa linaniwasha kiganjani.

Barnaba, ambaye kwetu tunamwita meku kwa uzee wake, aliinuka pia. Ni mzee mrefu, mkali, mtu wa kesi, na sijawahi kumpenda tangu utoto wangu. Siku ile koti lilimpwaya. Alisogea hadi hatua mbili mbele yangu, akanyoosha mikono. Hakutaka kuinyoosha, kila mtu aliona. Iliinuka taratibu, macho yake ameyakaza kwenye mkeka aliokalia mkwewe, kwa sababu jani lilikuwa mbele yake na yeye ni mtu wa mlimani, na hakuna mtu wa mlimani anayelikataa. Tulikuwa tumempeleka pale kama ng'ombe wa kamba.

Hasira niliyokuwa nayo tangu ofisini ilibadilika. Mpaka pale ilikuwa ya Kweka. Sasa niliiona mikono ile na nikajiona nilivyosimama, na hasira ikaniangukia mimi mwenyewe, ikatulia.

"Meku," nilisema, "shusha mikono."

Hakuelewa. Nikalivuta jani kifuani kwangu.

"Anayeleta isale anataja kosa. Hapa limesomwa neno usumbufu, na usumbufu si kosa. Mjukuu wako ameuawa na masale. Yana sabuni ndani, na zamani hayakuwa yanaitoa. Kulikuwa na kitu cha kuizuia kiangazi kikifika, na mimi ndiye niliyekikata, kwa mkono wangu, nikijua. Niliambiwa nikate, nikakata. Barua ya kuonya niliiandika na bado nikatia sahihi."

Taa nyekundu ya droni ilikuwa bado inawaka.

"Dokta amechoka," Kweka alisema, akija mbele huku anatabasamu. "Amefiwa pia, huyu ni ndugu yao. Zima hiyo kamera kidogo."

"Mwache," alisema Barnaba, bila kumtazama. "Na hiyo kamera iache." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza njia, "Si maji ya kufulia?"

"Hapana, meku."

"Nilimtukana Ndeshi kwa ajili ya maji ya kufulia."

"Najua."

Aligeuka kumtafuta Ndeshi kwa macho. Kweka akauona mwanya. Aliwageukia watu, na sauti yake haikuwa ya hotuba tena, ilikuwa ya mwalimu aliyekasirishwa na darasa.

"Haya, mng'oe basi. Mng'oe yote. Mwezi ujao mtakuwa mnakunywa floridi, na watoto mnaowapenda hivi watapinda miguu mbele ya macho yenu. Waambie na hilo, Dokta. Au hilo hujaona haja?"

"Ni kweli," nilisema. "Hapo anasema kweli. Masale yakiondoka, floridi inarudi, na sina kitu cha kuwapa badala yake."

Mwanamke mmoja alilia kwa kwikwi, kisha akajizuia. Barnaba alijipangusa uso kwa kiganja.

"Floridi inaua mtoto kwa muda gani?" aliuliza.

"Haimuui. Inampinda, kwa miaka."

"Na hii ilichukua siku tatu." Alimgeukia Kweka kwa mara ya kwanza. "Wewe ni wa Machame. Ulijua nikinyoosha mikono nimekwisha. Ulinijia nyumbani kwangu, kaburi bado bichi, unifunge kwa jani langu mwenyewe."

Kweka alifungua mdomo, akaufunga. Nilikuwa nimemngoja miaka minane akose neno, na sikupata raha niliyoitarajia. Nilifungua fundo la isale kwa kucha, nikalinyoosha. Isale lisilo na fundo ni jani tu. Nililiweka chini, mbele ya viatu vyake, na hakuliokota.

5

Gari mbili ziliondoka. Watu walibaki, hawakutawanyika, na nilijua kwa nini. Kila mmoja alikuwa na mpaka wake kichwani. Kila mmoja alikuwa anamfikiria jirani yake, na kaka yake, na mtoto wa baba yake mdogo aliye Dar es Salaam anayesubiri nafasi. Kuyang'oa masale ya Kimasaro ilikuwa kuifuta ramani yote ya kijiji kwa siku moja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Na wote, taratibu, bila kuambizana, walimgeukia shangazi yangu, kwa sababu mpaka wake ndio uliopita pale pale, nyuma ya zizi, na yeye ndiye mwenye la kupoteza kuliko wote.

Shangazi aliinuka, akajikung'uta vumbi nyuma ya kanga, akaenda uani kwake. Alirudi na jembe.

Alianza na lile la karibu na banda. Ni shina nene kama mguu wa mtu, limekaa pale miaka thelathini na nane. Alipiga jembe, halikuingia vizuri. Akapiga tena. Nilikwenda kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Ilimchukua muda mrefu, jasho likimtoka, watu wote wamesimama wanamtazama mjane akivunja mpaka wake mwenyewe. Shina lilipolegea alilivuta kwa mikono, na mizizi ikatoka nje, ya rangi ya machungwa, imejaa povu hadi kwenye ncha. Alilitupa mbali na maji.

"Arobaini," alisema.

Barnaba alikuwa upande wa pili wa mfongo, kwake. Alikuwa ameshika sururu, sikuona alipoitoa.

"Shemeji," alisema. "Yakishaisha, nani atajua mpaka ulipokuwa?"

Shangazi alijinyoosha, mkono mmoja kiunoni.

"Wewe unajua," alimwambia. "Uliyapanda. Na mimi najua kwamba unajua."

Barnaba hakuahidi kitu. Ningependa kuandika kwamba aliapa mbele ya watu, lakini hakuapa. Alikwenda kwenye shina la pili, akalichimba kutoka kwake, na shangazi akalichimba kutoka upande wake, na wakati wote ule niliitazama miguu ya yule mzee. Haikuvuka mfongo. Baada ya hapo watu walianza kuondoka mmoja mmoja kwenda kuchukua majembe, na kabla ya saa saba ulisikia mlio wa kuchimba kutoka kila upande wa mteremko.

Waliniachia kazi ya kuvuta mashina hadi kwenye lundo la kuchomea. Viganja vilivimba kwa ile sabuni, ngozi ikaanza kubanduka, na nikaona ni sawa. Mchana ule walifika hadi makaburini, ambako mfongo unapita pia. Barnaba aling'oa lililokuwa juu ya baba yake, kisha lililokuwa juu ya kaka yake, na mwisho lile changa lenye majani mawili walilokuwa wamelipanda Alhamisi juu ya mjukuu. Hilo alilibeba hadi kwenye lundo yeye mwenyewe, hakutaka niliguse.

Jua lilipoanza kwenda chini lilibaki moja, la kwenye kona, la arobaini na moja. Nilichukua jembe nilichimbe mimi. Shangazi aliniacha. Nilipolitoa, ardhi pale palipokuwa na mpaka ilibaki mashimo tu yenye maji, na povu lilikuwa limeanza kupungua kwenye mfongo, na huwezi kujua kihamba kipi kinaishia wapi.

Niliona bora nimwombe sasa hivi, mbele ya yale mashimo, kabla sijapata nafasi ya kujitetea. Kwa shangazi wa mtu, kwa kosa la kiasi kile, huombi kwa mikono mitupu. Niligeuka nichume jani. Niliangalia mfongo juu, nikaangalia chini, nikaangalia ng'ambo kwa Barnaba na hadi makaburini. Halikuwepo hata moja. Lundo lilikuwa limeshawashwa.

"Shangazi," nilisema, "nisamehe."

Aliitazama mikono yangu, ilivyovimba, isiyo na kitu.

"Unaniomba kwa kitu gani?" aliuliza. "Isale liko wapi?"

Alingoja kidogo, kana kwamba huenda kweli ninalo mahali. Kisha akaliokota jembe lake, akalikung'uta udongo, akaingia ndani na kufunga mlango.